Nani Atasoma Insha Yako? Historia ya Kuandika Katika Mitihani ya Kiingereza

Kwa kuwa kazi yangu ni kutunga programu, kuna swali ambalo watu hawachoki kuniuliza: "Hivi insha ya TOEFL inasahihishwa na kompyuta? Na kama ni kompyuta, hiyo kompyuta inataka nini?" Anayeuliza huwa amekwisha lipa ada ya mtihani. Ni muuguzi anayetaka kwenda kufanya kazi Uingereza, au kijana aliyekubaliwa na chuo cha Canada kwa sharti kwamba alete kwanza alama za Kiingereza. Kusikiliza hakumtishi. Kusoma hakumtishi. Kinachomkosesha usingizi ni kuandika.

Jibu fupi ni kwamba inategemea ni mtihani gani na ni mwaka gani. Lakini jibu hilo halimfai mtu aliyebakiwa na wiki sita. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, nakuletea jibu refu, nalo ni historia. Ukifuata jinsi sehemu hii ya kuandika ilivyoanza, ikaondolewa, ikarudishwa, kisha ikakabidhiwa mashine, utaelewa kwa nini inakudai inavyokudai. Utaelewa pia kwa nini vile violezo vya insha vinavyouzwa kwenye WhatsApp vinachacha upesi kuliko maziwa ya jana.

Na hili si jambo la mzaha. Oktoba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya wa Kenya wakati huo, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, waliopita walikuwa 10 tu. Wako waliocheka. Wako waliokasirika: vipi muuguzi aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, anayejaza faili ya mgonjwa kwa Kiingereza kila zamu, aambiwe kwamba Kiingereza chake hakitoshi? Mtunga programu akiona matokeo ya namna hiyo ana swali lake: kipimo chenyewe kinapima nini, na kilitengenezwa vipi?

Watahiniwa watatu, waliopita sifuri

Turudi 1913. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Cambridge kilifanya kwa mara ya kwanza mtihani ulioitwa Certificate of Proficiency in English, uliokusudiwa wageni waliotaka kufundisha Kiingereza. Ulichukua kama saa 12 kwa jumla. Kulikuwa na tafsiri ya Kifaransa au Kijerumani, sarufi, fonetiki, imla, kusoma kwa sauti, mazungumzo, na insha ya saa 2.

Mada za insha hiyo ndizo zinazonichekesha. Mtahiniwa aliweza kuchagua kuandika juu ya safari na uvumbuzi wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, au Uasi wa India, au mshairi Matthew Arnold. Kwa maneno mengine, hukutakiwa kujua Kiingereza tu. Ulitakiwa uwe umesoma kama kijana wa Kiingereza aliyepitia chuo. Watahiniwa walikuwa 3, na hakuna aliyepita hata mmoja.

Huyo ndiye msomaji wa kwanza katika historia yetu: mwalimu wa chuo, mwenye kalamu mkononi na elimu yake kichwani, anayejua insha nzuri akiiona. Kumwandalia insha kulikuwa kusoma vitabu alivyosoma yeye. Wazee wetu waliofanya Cambridge School Certificate kabla ya East African Examinations Council kuundwa mwaka 1967 walimjua sana msomaji huyo. Karatasi zao zilipakiwa zikavuka bahari, zikasahihishwa na mtu ambaye hawakuwahi kumwona.

Wasomaji 53 na insha 300

Je, msomaji huyo alikuwa wa kuaminika? Mwaka 1961 watafiti watatu wa Educational Testing Service, shirika la mitihani la Marekani linalojulikana kama ETS, waliamua kupima jambo hilo. Majina yao ni Paul Diederich, John French na Sydell Carlton. Walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, wakazigawa kwa wasomaji 53 wa fani 6: walimu wa Kiingereza, walimu wa sayansi ya jamii, walimu wa sayansi asilia, waandishi na wahariri, wanasheria, na wakubwa wa biashara. Kila mmoja alitakiwa azipange insha katika mafungu 9, kuanzia mbovu kabisa hadi bora kabisa. Hawakupewa mwongozo wowote.

Matokeo yalikuwa ya kushtua. Insha 101 kati ya zile 300 zilipata alama zote 9. Yaani insha ile ile mmoja aliiweka fungu la mwisho na mwingine akaiweka la kwanza, na wengine wakaisambaza kila fungu katikati. Hakuna hata insha moja iliyopata chini ya alama 5 tofauti.

Fikiria programu unayoipa data ile ile, nayo inakupa jibu jingine kila ukiiendesha. Ungeitupa. Lakini Diederich na wenzake hawakuishia kuonyesha kasoro. Walichambua maoni ya wasomaji wakakuta kwamba wamegawanyika katika makundi matano kulingana na kile wanachokitazama. Wako waliotazama mawazo. Wako waliotazama mpangilio. Wako waliotazama makosa ya lugha. Wengine walitazama uchaguzi wa maneno, na wengine ladha ya mwandishi mwenyewe. Kila mmoja alisoma kwa uaminifu, ila walikuwa wakisoma vitu tofauti.

Liweke jambo hilo akilini. Karibu kila kitu kilichofuata katika mitihani hii ni jaribio la kutibu ugonjwa uliogunduliwa hapo.

Mtihani wa kuandika usio na kuandika

Dawa ya kwanza ilikuwa kali: ondoa insha kabisa. TOEFL ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, kwa ajili ya wanafunzi wa nje waliotaka kusoma Marekani, kulikuwa na sehemu ya uwezo wa kuandika, lakini mtahiniwa hakuandika sentensi hata moja. Alichagua jibu. Alionyeshwa sentensi, akatafuta kosa liko wapi. Kule Uingereza mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mtihani uliotumiwa kuanzia 1965 kwa wanafunzi wa ng'ambo, ulioundwa na Alan Davies na kuitwa English Proficiency Test Battery, haukuwa na kuandika wala kuzungumza.

Kwa upande wa uaminifu wa alama, dawa ilifanya kazi. Jibu B ni B kwa msahihishaji yeyote, na mashine inaweza kulisoma. Lakini mtihani ukibadilika, darasa nalo hubadilika. Mwanafunzi aliyejua kwamba hataandika hakujifunza kuandika. Alimaliza mazoezi ya sarufi, akapata alama za juu, akafika chuoni, profesa akamwambia alete insha ya kurasa kumi. Hapo ndipo pengo lilipoonekana.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 insha kurudi TOEFL. Mwaka 1986 ulianzishwa mtihani wa nyongeza ulioitwa Test of Written English: dakika 30, mada moja, alama kuanzia 1 hadi 6. Safari hii wasahihishaji walikuwa wawili kwa kila insha, wamefundishwa kwa mwongozo mmoja, na kila mmoja alitoa alama bila kujua mwenzake ametoa ngapi. Wakitofautiana sana, anaitwa wa tatu. Uingereza nayo ilikuwa imekwisha kurudisha kuandika katika mtihani wa ELTS wa mwaka 1980, ambao mwaka 1989 ulizaa IELTS tunayoijua.

Kwa hivyo msomaji wa pili katika historia yetu ni binadamu aliyefungwa kwa mwongozo. Elimu yake anaiacha mlangoni. Anasoma insha nyingi kwa siku, na kila moja anaitafutia mahali kwenye ngazi aliyopewa.

Mwalimu aliyetaka mashine imsaidie

Tatizo la binadamu wawili kwa kila insha ni gharama. Na hapa ndipo fani yangu inapoingia.

Ellis Page aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, na alijua uchungu wa kurudi nyumbani na rundo la insha. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, alichapisha mwaka 1966 makala iliyosema kwamba kompyuta kusahihisha insha si ndoto ya mbali. Kumbuka kompyuta za wakati huo. Insha ilibidi ichapwe kwenye kadi za matundu ndipo mashine iisome.

Page alikuwa mkweli kuhusu alichokuwa akifanya, na ukweli huo ndio ninaotaka kila mtahiniwa aujue. Alisema kuna sifa halisi za insha nzuri, kama ufasaha na hoja inayofuatana. Akaziita trin. Mashine haizioni. Lakini kuna vitu vinavyohesabika ambavyo hutembea pamoja na sifa hizo, kama kivuli kinavyotembea na mtu: idadi ya maneno, mikato, urefu wa maneno, vihusishi. Hivyo akaviita prox. Programu yake ilihesabu vivuli, kisha kwa takwimu ikatafuta ni mchanganyiko gani wa vivuli unaokaribia zaidi alama za walimu.

Kivuli kimoja kilikuwa urefu wa insha, lakini alitumia mzizi wa nne wa idadi ya maneno. Kwa nini? Chukua kikokotoo. Mzizi wa nne wa 100 ni kama 3.16, na wa 200 ni kama 3.76. Wa 400 ni kama 4.47, na wa 500 ni kama 4.73. Maneno mia ya mwanzo yanakupandisha kuliko mara mbili ya maneno mia ya mwisho. Walimu wenyewe ndivyo walivyo: insha fupi mno wanaiadhibu, lakini ikishatosha, kuirefusha hakuongezi kitu kikubwa.

Na matokeo? Alama za programu zilikaribiana na za walimu karibu sawa na jinsi walimu walivyokaribiana wao kwa wao. Ukikumbuka wale wasomaji 53, utaona kwamba sifa hiyo si kubwa sana.

Jioni moja niliandika programu ya namna hiyo kwa Python, haikufika mistari 30. Inahesabu maneno, mikato, na wastani wa urefu wa neno. Kisha nikachukua makala moja nzuri, nikayachanganya maneno yake ovyo ovyo, ikawa haina maana yoyote. Programu ikazipa zote mbili alama sawasawa. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kuchanganya maneno hakubadilishi hesabu yake. Anayehesabu vivuli hawezi kujua kama mwenye kivuli yupo.

Aya zilizorudiwa mara 37

Kompyuta zilipokuwa na nguvu za kutosha, wazo la Page lilitoka maabara. Februari 1999 ETS ilianza kutumia programu iitwayo e-rater kwenye insha za GMAT, mtihani wa wanaotaka kusoma biashara. Nafasi ya msahihishaji mmoja kati ya wawili ilichukuliwa na mashine. Binadamu na mashine wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, anaitwa binadamu mwingine.

Hii haikuwa programu ya kuhesabu mikato tu. Ilichambua sarufi, matumizi ya maneno, tahajia na alama za uandishi, mtindo, na kama msamiati wa insha unafanana na ule wa insha nzuri za mada hiyo hiyo. Lakini angalia toleo la pili la e-rater lilivyopima mpangilio na ukuzaji wa hoja. Liliigawa insha katika vipande kama utangulizi, hoja kuu, sababu, na hitimisho. Idadi ya vipande ikawa ndiyo mpangilio. Urefu wa wastani wa vipande ukawa ndio ukuzaji. Bado ni vivuli, ila ni vivuli vya karibu zaidi na mwili.

ETS yenyewe ilijua hivyo. Katika utafiti uliotoka 2001 iliwaalika watu wajaribu kuidanganya e-rater. Aliyefaulu kuliko wote aliandika aya chache akazirudia mara 37. Mashine ikampa alama ya juu. Binadamu asingehitaji dakika kugundua. Udhaifu huo ulizibwa baadaye, na ndiyo maana ya jaribio lile.

TOEFL ya mtandaoni ilianza 2005, na insha ikawa ya lazima kuchapwa kwa kibodi. Kuanzia 2009 e-rater ikawa inashirikiana na binadamu kusahihisha ile insha ya maoni ya dakika 30. Mwaka huo huo wa 2009 kampuni ya Pearson ilileta PTE Academic, ambapo kuandika kulisahihishwa na mashine. Mwaka 2014 Les Perelman, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya uandishi pale MIT, alitengeneza pamoja na wanafunzi programu iitwayo BABEL. Unaipa maneno matatu, nayo inakutolea insha yenye sentensi ndefu, msamiati mzito, na maana sifuri. Baadhi ya mashine za kusahihisha zilizipa insha hizo alama za juu.

Huyo ndiye msomaji wa tatu. Na yeye ndiye aliyezaa biashara ya violezo. Mtu akishajua kwamba vipande na urefu vinahesabiwa, anakutengenezea insha tupu yenye aya tano na maneno makubwa, wewe ujaze mada tu. Ni BABEL ile ile, isipokuwa programu ni wewe.

Kwa nini violezo vinachacha

Waandaaji wa mitihani nao hawalali. Julai 2023 ETS iliiondoa ile insha ya dakika 30 kwenye TOEFL. Mahali pake ikawekwa kazi ya dakika 10, ambapo unasoma mwalimu ameuliza nini na wanafunzi wawili wamejibu nini, kisha unachangia hoja yako. Violezo vya aya tano vilivyouzwa kwa miaka vilikufa siku moja. Januari 2026 mtihani ukabadilishwa tena. Aliyekariri umbo alianza upya mara mbili. Aliyejifunza kujibu swali na kutoa sababu alihamisha ujuzi wake kama mtu anayehamisha godoro lake.

IELTS imepita njia nyingine. Sehemu yake ya kuandika imebaki mikononi mwa wasahihishaji binadamu. Una dakika 60 na kazi mbili, ya kwanza maneno yasiyopungua 150 na ya pili yasiyopungua 250, na ya pili ina uzito mara mbili. Alama zinatolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umejibu ulichoulizwa, mawazo yanafuatana na kushikana, msamiati, na sarufi. Linganisha na yale makundi matano ya 1961. Mawazo yapo, mpangilio upo, maneno yapo, makosa ya lugha yapo. Kilichoachwa nje ni ladha ya mwandishi.

Hapo nadhani ndipo Wakenya wengi tunapojikwaa. Shuleni tulifundishwa insha ya ladha. Katika KCPE, iliyofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa na dakika 40 na alama 40, na mwanafunzi aliyesifiwa ni yule aliyejaza tamathali: jua lililochomoza kwa madaha, moyo uliodunda kama ngoma. Tulikariri madaftari mazima ya misemo ya kufungulia insha. Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza mambo yalikuwa yale yale. Sisemi ni vibaya, ila ule ni mtihani mwingine na msomaji mwingine. Msahihishaji wa IELTS aliyeuliza kama serikali igharamie vyuo vikuu, ukimfungulia kwa jua la madaha, anahesabu maneno ambayo hayajajibu swali. Na msemo uliokaririwa anautambua, kwa sababu ameuona kwenye karatasi nyingine asubuhi hiyo hiyo.

Usisahau pia kwamba mstari wa kupita huchorwa na watu, na watu hao huufuta na kuuchora tena. Nursing and Midwifery Council, chombo kinachosajili wauguzi Uingereza, kilidai alama 7 katika kila sehemu ya IELTS. Desemba 2018 kikashusha ya kuandika hadi 6.5. Muuguzi aliyepata 6.5 mwezi Novemba na aliyepata 6.5 mwezi Januari wana Kiingereza kimoja. Mmoja ameanguka na mwingine amepita. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2017, chombo hicho kilianza kukubali pia OET, mtihani ulioanzia Australia, ambapo muuguzi haandiki juu ya vyuo vikuu wala mazingira. Anapewa taarifa za mgonjwa, anaandika barua ya kumkabidhi kwa mhudumu mwingine. Ni kazi aifanyayo kila wiki. Kwa wengine, kuchagua mtihani ndiyo nusu ya maandalizi.

Basi ujiandae vipi?

Historia yote hii inanipa mambo machache ninayowaambia wanaoniuliza.

Kwanza, mjue msomaji wako wa mwaka huu. Ingia kwenye tovuti ya mtihani wenyewe, pakua maswali ya mfano na mwongozo wa alama, usome kama unavyosoma mkataba. Usitumie kitabu cha mtumba cha mtihani uliokwisha badilishwa.

Pili, jibu swali lote. Kuanzia wale wasomaji 53 hadi leo, jambo hilo halijawahi kuondoka kwenye mizani. Kama swali lina sehemu mbili, zipigie mstari zote mbili kabla hujaanza.

Tatu, urefu ni kivuli. Fikisha idadi inayotakiwa, lakini uifikishe kwa sababu na mfano, maana mfano mzuri unabeba maneno hamsini bila kusukumwa. Kumbuka mzizi wa nne: ukishatosha, dakika zilizobaki zitumie kusahihisha.

Nne, fanya mazoezi kwa saa na kwa kifaa utakachokutana nacho. Kama mtihani ni wa kompyuta, zima kisahihisha tahajia na uandike kwenye Notepad. Simu imetuzoesha kurekebishiwa kila neno, na siku ya mtihani huyo msaidizi hayupo.

Tano, tafuta wasomaji wawili, kila mmoja asome peke yake kama walivyofanya wasahihishaji wa 1986. Usiwaulize kama insha ni nzuri. Waulize: hoja yangu ni ipi? Wakikupa majibu mawili tofauti, insha haijakamilika, hata kama sarufi imenyooka.

Sita, weka daftari la makosa yako. Kiswahili hakina a wala the, kwa hivyo wengi wetu tunaziruka au kuzitia pasipo mahali pake. Ile s ya nafsi ya tatu nayo hutuponyoka. Ukiandika insha kumi utakuta makosa yako ni matano yale yale. Mtu mwenye makosa matano anayoyajua ana orodha ya kukagua katika dakika tatu za mwisho.

Na mashine je? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wengi wanaiomba iwaandikie insha kamili, wanaikariri. Hilo ni kiolezo cha zamani katika nguo mpya. Iombe ikuonyeshe makosa kwenye insha uliyoiandika wewe, kisha urekebishe kwa mkono wako. Hapo inakufaa. Kukuhesabia makosa inaweza kwa haraka kuliko mwalimu yeyote. Kukuandikia mtihani haiwezi, kwa sababu siku ile haitakuwa chumbani.

Wale watu watatu wa 1913 walishindwa mtihani uliotaka wawe Waingereza. Wewe hutakiwi kuwa Mwingereza. Unatakiwa uandike ili mgeni asiyekujua, awe mtu au mashine, akisoma mara moja aelewe unasema nini na kwa nini. Ujuzi huo utakutumikia wodini na darasani baada ya cheti kuisha muda wake, maana alama za TOEFL na IELTS zenyewe hudumu miaka miwili tu.

Haya, kalamu chini kwa leo. Anayefanya mtihani mwezi huu, kila la heri.